Kokma wa Ismene

Theodora shoga yangu, unakikumbuka kile kichanga cha mjukuu wangu Ismene, kilichokufa kabla padri hajafika kukibatiza?

Kimerudi. Leo tena, baada ya chakula cha mchana, Ismene kajilaza kidogo, mara macho kayatoa, mwili hauinuki, sauti haitoki. Anasema kilimkalia kifuani, kikamkaba koo.

Kikamkaba koo, Theodora.

Gauni nilishamgeuzia, ndani kukawa nje, kukizuia kisirudi, kama tulivyofundishwa utotoni. Wapi.

Mumewe akamwambia, "Huyo kageuka kokma, mzuka wa kukaba watu usingizini, kama vichanga vyote visivyobatizwa. Mporomoshee matusi, ataondoka mwenyewe."

Matusi, kwa damu yetu. Sina pa kushika, shoga.

Ismene akajiinua, jasho linamtiririka. Ndipo akasema, "Simtukani mwanangu. Hakuna aliyeniuliza jina lake. Nilitaka aitwe Anselm."