Kijiwe Kiko Wazi

Duka la Saa, chumba cha nyuma
Jumanne, 9 Juni

Mpendwa shemeji,

Pokea salamu kutoka kwenye stuli ya kaka yako, ambayo bado inayumba mguu mmoja. Hujambo? Kile kifua kimepona? Watoto wanakula vizuri? Mimi mzima, ila situlii. Nafagia palipokwisha kufagiwa, nachemsha chai na kuisahau.

Nimeufikiria ushauri wako kwamba nikifunge kile kijiwe cha mtandaoni cha mafundi saa, wahamie kwenye ule mtandao mkubwa wenye watu wote. Marehemu kaka yako ndiye aliyekiendesha na nenosiri aliniachia mimi, kwa hiyo wananisubiri.

Sikatai, kule kuna watu. Alipofariki, nyuso za kulia zilijaa hata simu ikapata moto. Lakini wiki iliyopita mtandao ukawatangazia kwamba ni siku yake ya kuzaliwa, wamtakie heri. Wakamtakia! "Ishi miaka mingi, fundi wetu." Mwingine akauliza, "Vipi, saa yangu tayari?" Nilicheka, shemeji, nikashindwa kuacha, mpaka kicheko kikageuka kilio.

Kijiweni hawatoshi hata kujaza chumba hiki. Unakumbuka desturi yao: anayewahi kufungua duka anaandika "Kijiwe kiko wazi," anataja saa iliyo mezani kwake na ugonjwa wake, na wengine wanafuata. Siku zote aliyewahi ni kaka yako, mswaki ungali mdomoni. Asubuhi ile hakufungua. Mimi nilikuwa sokoni. Mama Mishale, fundi ambaye hakuwahi kumwona kwa macho, ndiye aliyempigia muuza viatu jirani yetu aje achungulie, akamkuta ameanguka chini ya meza. Ndiyo maana niliwahi kumshika mkono angali anapumua.

Tangu mazishi hakuna aliyeandika neno pale. Nikadhani wamemsahau, nikawa karibu kukubaliana nawe. Jana nikampigia Mama Mishale, nikamwuliza mbona kimya.

"Nani akae kwenye kiti chake?" akasema. "Mimi sina uso huo, dada. Kila asubuhi naingia, naangalia, natoka."

"Na wenzako?"

"Hivyohivyo. Tunakuheshimu wewe."

Kumbe ni heshima iliyokuwa inakiua kijiwe! Wote wamesimama mlangoni, kila mmoja anamngoja mwenzake aingie.

Leo asubuhi niliandika: "Kijiwe kiko wazi. Mezani kwangu kuna saa ya ukutani ya marehemu. Imesimama, na sijui pa kuanzia."

Nikazunguka dukani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Simu ikalia. Babu Springi, yule mbishi wao, ndiye wa kwanza: "Usiiguse kwa mikono yenye chai, mama. Ilaze kifudifudi, tukuelekeze." Nilikuwa na chai mkononi kweli! Wengine wakamiminika nyuma yake, wakibishana kama zamani.

Basi sikifungi, shemeji. Usinune. Saa yenyewe bado haijatembea. Leo tumeishia kufungua kifuniko cha nyuma.

Nisalimie mkeo, mapacha, na shangazi mwenye miwani miwili. Mungu awalinde mlalapo na muamkapo, hata nisipokuwepo kuwajulia hali.

Wako akupendaye,
Shemejio, mwenye zamu ya kufungua