Kitufe cha Kiwiko

3 Machi

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Na ile cherehani bado inakusumbua, au umeshaitia mafuta? Sisi hatujambo, na mimi sijambo kupita kiasi. Hii ni wiki ya sita ya ndoa, lakini nikisikia anapanda ngazi najitazama kwenye kioo kwanza, utadhani anayekuja ni mchumba.

Najua kwa nini hukuja harusini. Ulinitakia mume wa ofisini, nami nimeolewa na fundi simu mwenye kibanda cha mlango mmoja. Lakini ungemwona akiwa kazini! Simu iliyotumbukia majini anaifungua polepole huku anaibembeleza, "Pole mama, pole, tunamaliza sasa hivi." Nilimpenda hapo hapo, kabla hajanirudishia yangu.

Sasa ana wazo, Shangazi. Anataka kutengeneza programu ya simu kwa ajili ya mafundi cherehani, itunze vipimo vya kila mteja visipotee. Wataalamu wa kuajiri hatuwawezi, kwa hiyo ameanza na karatasi. Amekata kadi nane zenye ukubwa wa simu, na katika kila moja amechora kitakachoonekana kwenye kioo. Anasema kosa la karatasi hufutwa kwa kifutio, kosa la programu hufutwa kwa machozi. Mtu wa maneno kama hayo nisimpende vipi?

Kadi zimo humu kwenye bahasha. Jifanye ndiyo simu yenyewe. Paka kidole chaki yako ya nguo, ubonyeze pale ambapo ungebonyeza, kisha uzirudishe.

Tafadhali usizitupe. Tarehe 26 Aprili ushirika wa mafundi cherehani wa hapa utawasikiliza watu wenye mawazo. Wakimkatalia, atakwenda kufunga minara ya simu huko mbali, mkataba wa miaka miwili, na wake hawaruhusiwi kambini. Kampuni inataka jibu kabla mwezi huo haujaisha.

Mwanao uliyemlea

15 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Goti liko pale pale, na cherehani ni nzima kuliko mimi. Nimefurahi kusikia unacheka. Ndoa ya wiki sita kila mtu anacheka.

Karatasi nimezipata. Nilingoja mteja wa kweli, maana kujifanya sijui. Ya kwanza nikabonyeza jina, sawa. Ya pili ikaniambia niandike bega. Mwanangu, futi nimeishika kwa mikono miwili, mwanamke wa watu amekwisha kuvuta pumzi anangoja, nami nianze kuandika bega? Niandike kwa mkono gani? Nikabonyeza kwa pua. Ule mviringo mweupe usioeleweka ndio pua yangu. Mteja kacheka hadi kiuno kikapotea, nikaanza kupima upya.

Mwambie fundi wako kwamba sisi hatuandiki tukipima. Tunatamka. "Bega kumi na tano, kifua arobaini," na aliyemsindikiza mteja ndiye anayeandika daftarini. Mteja akija peke yake naweka kichwani, na kichwa changu siku hizi kina matundu. Mwezi uliopita nilimkatia mtu gauni kwa nyonga za jirani yake.

Lakini nikwambie ukweli kama mzazi. Miaka miwili si mingi. Mshahara wa minara ni mshahara. Aende, arudi na kitu. Mapenzi hayapigwi pasi yakavaliwa.

Shangazi yako

25 Machi

Shangazi,

Shikamoo nyingi. Natumaini barua hii imekukuta salama na matundu ya kichwa hayajaongezeka.

Nilimsomea barua yako kibandani. Ilipofika ile pua, alicheka mpaka bisibisi ikamtoka mkononi. Halafu, Shangazi, akachana kadi saba mbele ya macho yangu! Kazi ya miezi miwili. Nikaanza kulia. Akanifuta machozi kwa kile kitambaa chake cha kufutia vioo, akaniambia, "Usilie. Ningepeleka hizi kwenye ushirika, wangenicheka mafundi thelathini kwa mpigo. Shangazi kanicheka peke yake."

Ameibakiza moja. Ina kitufe kimoja tu, kikubwa kama kisosi, cha kubonyezwa kwa kiwiko. Unakibonyeza, simu inasikiliza, unatamka vipimo vyako kama ulivyozoea. Ukimaliza unampiga mteja picha, basi. Siku ya kukata unagusa ile picha, unasikia sauti yako mwenyewe. Anasema kuifundisha simu igeuze sauti kuwa namba ni kazi ghali, na kwa kuanzia hakuna anayeihitaji.

Kompyuta ameazima kwa mwenye duka la picha, na mume wangu anamtengenezea kamera zake. Anakaa nayo kila adhuhuri akijifundisha kutengeneza programu, mgongo umepinda, ulimi nje kidogo kama mtoto anayejifunza kuandika. Mimi naleta chakula, kinapoa, nami simkasirikii. Ningekaa namtazama tu mpaka jua lizame.

Nayo imefanya kazi! Imo ndani ya simu hii ya zamani yenye kioo kilichopasuka, ninayokutumia kwa basi. Ndiyo pekee tuliyo nayo ya kujaribia, Shangazi. Amesema ianzie kwako, kwa sababu wewe ndiye uliyesema ukweli. Itumie, kisha uirudishe kabla ya tarehe 15.

Kuhusu kwenda kwake, najua tu kwamba sitaki.

Mwanao

18 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Hujambo? Tarehe 15 imepita. Nimekwenda kituo cha mabasi siku tatu mfululizo, karani wa mizigo sasa ananitikisia kichwa kabla sijauliza. Jana nimemwona mume wangu anapanga nguo kwenye begi lake la safari.

Kama imeharibika, sema tu. Hatutakasirika.

Mwanao

21 Aprili

Mwanangu,

Sijambo. Simu haijaharibika. Nimekataa kuirudisha.

Kila nikisema niifungashe, mteja anaingia. Juzi kaja yule mama mwenye sauti ya tarumbeta, katupa gauni mezani: "Nilikwambia mikono mifupi!" Zamani ningelifumua na kushona upya, machozi yakinilengalenga. Safari hii nikagusa picha yake. Ikatoka sauti yake mwenyewe, maana siku ile ya kupima simu ilikuwa bado inasikiliza: "Shoga, mikono mirefu, ifike kifundoni." Kachukua gauni lake, kaniomba radhi, na kaagiza jingine.

Hilo fundi wako hakulifikiria, sivyo? Mwambie ndilo kubwa kuliko vipimo. Vipimo vinakosewa mara moja moja. Ugomvi ni kila wiki.

Nakuja nayo mwenyewe tarehe 25. Niandalieni pa kulala. Kwenye ushirika asiseme sana. Mafundi hawamsikilizi mwanamume asiyejua pindo. Nitasema mimi.

Tena, yale ya mshahara wa minara niliyasema kabla sijaona kazi yake. Nayafuta.

Shangazi yako

27 Aprili

Shangazi wangu wa dhahabu,

Shikamoo, na pole kwa safari. Basi lako liliondoka jana saa nane, na wakuu wa ushirika walitoka kikaoni saa tisa. Nimeshindwa kukaa na habari hii, naandika nimesimama.

Mwenyekiti alitoka ameshika simu yetu. Akaiweka mezani, akabonyeza kwa kiwiko, akampima karani wake bega hadi bega mbele yetu, akajisikiliza. Akamgeukia mume wangu: "Hii ni kazi yako?"

"Nusu yangu, nusu ya shangazi wa mke wangu."

"Yule aliyetusimanga asubuhi nzima?"

"Huyo huyo."

"Basi na yeye namtaka. Awafundishe mafundi wangu thelathini. Miezi sita ya majaribio, na tutakulipa huku ukiendelea kuitengeneza."

Tulipofika nyumbani alimpigia simu msimamizi wa minara. Nilisikia yule bwana akifoka, "Unaacha mshahara wangu kwa ajili ya nini?" Mume wangu akanitazama, akajibu, "Mpe mwingine nafasi hiyo, mzee. Mimi nina kazi."

Leo asubuhi ameshuka ngazi kwenda kibandani kama siku zote. Nimesimama dirishani mpaka akakata kona. Sikulia. Nimetoa nguo zake kwenye lile begi, nimezikunja, nimezirudisha kabatini, upande wake.

Mwanao