Suruali ya Maige

Masumbwe,
14 Mei 1983

Mtani wangu Sabiti,

Mwangaluka! Natumaini u mzima wewe, shemeji Mwahija, na hicho cherehani chako kinachopiga kelele kuliko kushona. Sisi huku hatujambo. Mama yetu, Mama Limi, yupo, anakula vizuri, anakusalimu na kukuuliza kama Wazaramo siku hizi mmejifunza kulima.

Barua yako ya mwezi wa tatu nimeipata juzi, panya wameshaionja pembeni. Unajua huku barua zote zinakuja kwa sanduku la misheni, na Katekista Donatus ndiye anayezigawa. Mzee wa watu, anaanza na zile anazoona zina haraka, nyingine zinangoja. Kwa hiyo ukiandika tena, weka maneno ya haraka juu ya bahasha, kwa herufi kubwa, ayaone bila miwani.

Mdogo wangu Maige anakusalimu. Ile suruali uliyomshonea ya harusi anaivaa Jumapili tu. Siku nyingine imetundikwa msumarini kama picha ya mtakatifu, na mkewe Sikujua ndiye mlinzi wake. Tunachimba pamoja, duara letu, shimo letu la dhahabu, sasa limekwenda chini sana, lakini dhahabu bado inatuficha uso.

Andika basi, mla nazi we.

Mtani wako,
Stanslaus Ngassa


Shinyanga,
4 Juni 1983

Wewe mtumwa wangu Stanslaus,

Salaam nyingi kama vumbi la hapa mjini. Habari za afya sikuulizi, maana Msukuma hafi kwa maradhi, hufa kwa kuvimbiwa viazi vikavu, hiyo michembe yenu. Mimi na Mwahija hatujambo.

Unaniambia duara limekwenda chini sana. Vizuri. Sasa sikiliza wosia wangu mimi bwana wako. Siku shimo hilo likiwameza wewe na Maige, mtu asilie mpaka nifike. Ng'ombe wa baba yenu nitawagawa mimi, na fungu la kwanza ni langu. Na suruali yangu, marufuku kumzika nayo Maige! Kitambaa kile cha tetroni nilikipata kwa taabu. Miguu yake mirefu ile itieni kwenye gunia la pamba, inatosha. Atakayethubutu kumvika suruali yangu, nitamzika yeye juu yake.

Bahasha nimeiandika kama ulivyoagiza: MUHIMU SANA. IFIKE HARAKA KWA STANSLAUS NGASSA POPOTE ALIPO. Donatus akishindwa kuiona hiyo, basi akatibiwe macho.

Mwambie Mama Limi shikamoo, na kwamba jembe ninalo, ninalikalia.

Mtani wako na bwana wako,
Sabiti


Shinyanga,
8 Juni 1983

Ndugu yangu Stanslaus,

Pole. Pole sana, ndugu yangu. Pole kwa Mama Limi, pole kwa Sikujua. Sijui hata habari za afya niziulizeje.

Leo asubuhi dada yako Paskalina aliingia hapa kibandani, ametoka Samuye na alama ya msiba kichwani, kile kitambaa cheusi. Nikaanza kumtania kabla sijamtazama usoni. Akaniambia duara liliporomoka Jumamosi na Maige alikuwa chini, mmemzika hukohuko Masumbwe. Jumamosi, Stanslaus! Siku ileile mimi nimekaa hapa nacheka peke yangu, naandika.

Nimekimbia posta na sindano ingali mdomoni. Nimemwomba karani anirudishie barua yangu. Akasema barua ikishaingia sandukuni ni mali ya aliyeandikiwa, na isitoshe mfuko wa Kahama umeshaondoka. Nimembembeleza mpaka watu kwenye foleni wakaanza kunitazama.

Tafadhali, ikija bahasha yenye herufi kubwa, usiifungue. Ichome. Usimpe mtu yeyote aisome. Mungu ni shahidi wangu, sikujua.

Hii nampa Cornel, kondakta wa basi la leo. Paskalina yumo kwenye basi hilohilo lakini nimeshindwa kumpa yeye, angeniuliza kwa nini siendi naye. Kwanza aliniuliza kweli. Nikamwambia atangulie, nitafuata.

Nduguyo,
Sabiti


Shinyanga,
23 Juni 1983

Kwako Bwana Stanslaus Ngassa,

Baada ya salamu, natumaini Mungu anakupeni nguvu pamoja na familia yote. Mimi sijambo kidogo, tumo katika mfungo wa Ramadhani.

Sijapata neno lolote kutoka kwako. Nilimpa Cornel barua, akaapa ameiacha misheni. Nikaandika nyingine, nikampa dereva wa lori la pamba, naye anasema ameifikisha. Sasa natuma hii kwa posta, maana labda hao wote ni waongo. Naomba uniandikie neno moja tu kwamba umepata barua ya pole. Neno moja. Ile nyingine sitaki hata kuitaja.

Nilikusudia kuja. Lakini dizeli ni shida, mabasi hayana uhakika, na safari ndefu kwa mtu aliyefunga si kitu chepesi. Pia kazi za sikukuu zimenizonga hapa. Mwahija ananiambia kila siku niache sababu na nipande basi. Namwambia, uso nitauweka wapi? Mama Limi alinipikia kwa mikono yake nilipokuja kwenye harusi ya Maige. Nitamwamkiaje? Nina aibu, Stanslaus. Nikimwona mtu wa Samuye sokoni naingia duka lisilo langu, najifanya naulizia sabuni.

Tangu leo nimeacha utani. Sitakutania tena wewe wala jamaa yako yeyote. Naomba unisamehe.

Wako mtiifu,
Sabiti


Masumbwe,
9 Julai 1983

Sabiti,

Salaam. Sisi tupo. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa na hasira, na bado ninayo, usidhani imekwisha.

Barua zako nimezipata zote nne. Sasa ngoja nikueleze ya kwanza ilivyofika.

Tulikuwa tumekaa matangani. Katekista Donatus akaja mbio na bahasha ile, ameona MUHIMU SANA, akajua ni rambirambi kutoka mjini. Na huku rambirambi husomwa mbele ya waombolezaji wote, unajua. Akavaa miwani, akasimama, akaanza kwa sauti ya kanisani: "Wewe mtumwa wangu Stanslaus." Kufika kwenye michembe jasho likamtoka. Akataka kuikunja. Mama Limi, ambaye tangu tumzike Maige alikuwa hajatia kitu kinywani, akamwambia, "Soma."

Akasoma. Wee! Akasoma shimo kutumeza, akasoma ng'ombe, akasoma gunia la pamba. Mimi nilikuwa natazama chini. Alipofika kwenye suruali, Sikujua akapiga ukelele, nikadhani sasa mambo yameharibika. Kumbe anacheka. Anacheka na machozi yanamwagika. Mama akacheka naye, kisha wakalia pamoja kilio ambacho walikuwa hawajalia, cha kutoka tumboni. Baadaye Mama akaomba uji. Akasema, "Mtani amefika. Mwenyewe yuko nyuma anakuja."

Unasikia? Hakuna aliyefikiri hukujua. Walidhani umesikia msiba na unafanya kazi yako ya mtani, kama watani wanavyofanya misibani siku zote. Sikujua hakumzika Maige na suruali ile, alimzika kwa shuka. Ipo msumarini. Kaka zake walitaka kuichukua, akawafukuza, akasema ina mwenyewe na ameshaidai kwa barua.

Tukakungoja. Basi likipiga honi barabarani, Mama anasema mtandikieni mkeka Mzaramo. Anashuka mtu mwingine. Halafu zikaanza kuja hizo barua zako za kunyenyekea. Mama akauliza, "Huyu anayeandika Bwana Stanslaus ni nani? Mtu wa serikali?"

Unasema dizeli. Paskalina alipanda nini? Barua zako zilipanda nini? Ulihangaika na kondakta, ukahangaika na dereva wa lori, ukahangaika na posta, ili karatasi ifike. Mdogo wangu amekufa, mtani wangu wa pekee yuko Shinyanga anajificha kwenye maduka ya sabuni. Maneno yako hayakunidhalilisha. Kutokuja kwako kumenidhalilisha, maana niliwaambia watu, huyu atakaa nami kwenye shida. Sasa na mimi nina aibu, ya kwako na ya kwangu.

Mfungo unaisha siku hizi. Nguo za Maige tutazigawa Jumamosi, tarehe 23 Julai. Baada ya hapo Sikujua anarudi kwao.

Usiniulize tena kama barua zimefika. Zimefika zote. Wewe ndiye hujafika.

Stanslaus


Misheni, Masumbwe,
23 Julai 1983

Wewe mtumwa wangu Stanslaus, mla michembe usiye na haya,

Salaam. Habari za afya utanipa mwenyewe.

Barua yako ilinikuta siku ya Idi. Nilimpa Mwahija aisome, akaimaliza, akaingia ndani, akatoka na begi langu, akaliweka mlangoni. Basi la kwanza nililikosa kwa sababu nilikuwa nalizunguka tu pale stendi. La jana nikapanda.

Nimeshuka leo asubuhi. Nilikuwa na maneno mengi ya kuingilia nayo, matusi mazuri kabisa, nimeyapanga tangu Kahama. Nimefika hapa misheni, naona njia ya kwenu, naona na moshi wa jiko la Mama Limi, nikaishia hapa. Nimeomba kalamu kwa Katekista Donatus. Alipojua mimi ndiye Sabiti akaniambia, "Barua yako ile ilinitoa jasho." Nikashindwa kuinua uso. Ndiye anayekuletea hii, juu ya bahasha sikuandika kitu.

Ukweli nauandika kwa sababu kuusema nitashindwa. Nilipoandika barua ile sikujua lolote. Na nilipojua, nilijifikiria mimi, nikatafuta jinsi ya kufikisha pole bila kufikisha uso wangu. Maige alikuwa ananiita kaka. Hilo linaniuma na litaniuma.

Nimekaa kwenye benchi la nje, hapa penye kengele. Usinijibu kwa barua. Njoo, na ukija usinionee huruma, nitukane mpaka nyumbani, watu wasikie. Mama Limi mwambie nakuja kumwamkia, kama ataniitikia.

Na mwambie Sikujua asimpe mtu. Nimekuja kuchukua suruali yangu.

Mtani wako,
Sabiti