Neno la Leo kwa Filister

Jumanne, 3 Juni 2025

Baridi ya kutosha. Malori ya miwa yamepita tangu alfajiri, dirisha likitetemeka. Nimechemsha chai. Bado napima maji ya vikombe viwili halafu namwaga kimoja. Miaka sita tangu tumzike Bogonko, mume wangu, na mkono wangu haujapata habari.

Saa mbili kamili nimemtumia Filister:

Neno la leo: shule. Limetoka Kijerumani. Tulitawaliwa na Mwingereza lakini watoto wetu wanaenda shule kwa Kijerumani.
Je, wajua? Pweza ana mioyo mitatu.
Kichekesho: Mwalimu — wingi wa mtoto ni nini? Mwanafunzi — mapacha.

Saa tatu na dakika kumi akajibu. Kidole gumba. Hicho tu, kama kila siku. Nimefurahi hata hivyo. Januari hadi Machi nilikuwa napata tiki za bluu bila neno. Vidole vilianza mwisho wa Machi. Mimi nasema barafu inayeyuka.

Zamani nilikuwa natuma kwenye grupu ya walimu wastaafu. Elvis, msimamizi wake, akaandika kwa heshima nyingi kwamba grupu ni ya matanga na mikutano. Watu hamsini na wawili. Hakuna aliyesema, mwacheni Madam Bosibori. Ndipo nikaanza kumtumia Filister peke yake, pale Homa Bay, ingawa tulikuwa hatuongei.

Alhamisi, 5 Juni

Neno la leo: sweta. Waingereza walilitoa kwenye jasho. Nguo ya kukutoa jasho. Hapa Awendo mwezi huu ingefaa ifanye kazi yake.

Nimemaliza ya kumi na sita. Ya mtoto mchanga, manjano. Nitazipeleka zahanati zikifika ishirini. Wauguzi wananiuliza kama nina wajukuu. Nasema Mungu hajaleta. Emmaculate, binti yangu, ana miaka thelathini na nne na hataki swali hilo.

Filister ndiye aliyenifundisha kufuma. Mwaka wa kwanza chuoni, hatukuwa na sindano, tukachonga spoku za baiskeli. Vidole vikatoka damu. Alikuwa akiona nimedondosha kitanzi anafumua mistari yote mpaka kwenye kosa. Hata nikilia. "Rudia," anasema. Basi narudia.

Leo kidole kimekuja saa tatu na nusu.

Jumamosi, 7 Juni

Sabato. Hakuna kufuma. Kanisani nimekaa upande wa dirisha, kiti cha jirani kikawekewa mwavuli wa mtu. Mahubiri yalikuwa juu ya ulimi. Nimetazama viatu vyangu mwanzo hadi mwisho.

Niandike tu. Hakuna atakayesoma.

Harusi ya Nicholas, mtoto wa kwanza wa Filister. Miaka miwili sasa. Nilipewa maikrofoni niseme kwa niaba ya walimu. Mimi na maikrofoni. Nikawaambia vile Filister, tukiwa vijana, alimwambia kondakta: "Nataka kusuka hapa." Na kondakta akajibu: "Mama, hapa si saluni." Hema lote likaanguka kwa kicheko. Wakwe wakacheka. Mpiga picha akacheka. Nikarudia, kwa sauti yake — kusuka, sati, samba.

Filister alicheka pia. Mdomo tu. Macho yalikuwa kwenye kitambaa cha meza.

Mtu aliyefundisha Kiswahili miaka thelathini na moja, na mimi nimemfanya mzaha mbele ya wakwe zake kwa sababu ya sauti moja, sh, ambayo Dholuo haina.

Na mimi? Mimi nilifika chuoni kutoka Kisii nikisema kurara. Naenda kurara, nimerara vizuri. Filister ndiye aliyenirekebisha. Chumbani, sisi wawili, mlango umefungwa. Hakuwahi kumwambia mtu.

Jumanne, 10 Juni

Neno la leo: pamba. Kiajemi.
Je, wajua? Shingo ya twiga ina mifupa saba, sawa na yako.
Kichekesho: Mwalimu — kanusha: "Baba amelala." Mwanafunzi — "Baba anasema hajalala, anafikiria."

Saa tatu, badala ya kidole, ujumbe wa sauti. Sekunde nne.

Sauti ya Filister! Miaka miwili sijaisikia. Nilikaa chini kwanza. Nikabonyeza. Pumzi. Kijiko kikigonga kitu. Halafu sauti kama mtu anayeinua kitu kizito — "pa... pa... pa..." Imekatika.

Nimesikiliza mara tisa. Labda aliketi juu ya simu. Labda ni mjukuu anachezea. Lakini sauti ni yake.

Jumatano, 11 Juni

Nimepiga. Nilikuwa nimeandika kwenye karatasi nitakalosema, kama mwanafunzi wa mazoezi.

Aliyepokea ni Cephas, mumewe.

"Mwalimu Bosibori," akasema. "Kumbe leo umepiga."

Nikaomba kuongea na Filister.

"Hawezi ongea, Mwalimu. Tangu Machi tarehe kumi na tisa. Alianguka jikoni. Mkono ya kulia na mguu, na maneno. Wewe hukujua?"

Sikujua. Tarehe kumi na tisa Machi. Awendo hadi Homa Bay si mbali kiasi cha mtu kutojua. Grupu ilitangaza, anasema Cephas. Niliizima sauti ile grupu Januari, kwa hasira, na sikuifungua tena. Nimeifungua leo. Iko pale. Tuwakumbuke kwa maombi Madam Filister na familia. Mikono hamsini ya kuomba. Hakuna aliyeshangaa kwamba wangu haupo.

"Na hivi vidole vya kila asubuhi?" nikamuuliza.

"Ni mimi," Cephas akasema. "Tunasomanga hiyo neno yako baada ya uji. Daktari alisema tumpe maneno kidogo kidogo, kila siku, yenye anaweza shika. Mimi sina maneno. Mimi nilikuwa karani wa samaki. Lakini yako yalikuwa yanakuja tu. Siku ile neno ilikuwa meza, alipiga meza na mkono. Ile ya jana alijaribu kusema. Ndio nikatuma usikie."

Nikauliza kama mwenyewe alikuwa anasoma, kabla ya kuanguka.

"Alikuwa anasoma."

"Alisema nini?"

"Hakusema kitu, Mwalimu."

Kwa hiyo hakuna barafu iliyoyeyuka. Vidole vilianza kwa sababu Filister alianguka.

Alhamisi, 12 Juni

Sikutuma neno. Nimeshika sindano tangu asubuhi, mstari mmoja haujaisha.

Saa nne Cephas amepiga. Anauliza kama simu yangu imekufa. "Ameketi hapa na uji imeisha. Anaangalia simu."

Nikatuma haraka haraka: chai. Kichina. Sikuweka kichekesho.

Ijumaa, 13 Juni

Kiharusi. Neno hili nimelifundisha kwenye msamiati wa magonjwa, mwaka baada ya mwaka, na sikuwahi kulitazama. Ki-harusi. Kama harusi ndogo.

Kamusi iko rafuni, mkono ukinyooka unaifikia. Sijaifungua. Hili nitakaa bila kujua.

Jumapili, 15 Juni

Emmaculate amepiga kutoka Nairobi. Alikuwa anapika, sufuria ilisikika kumzidi yeye. Nimemweleza kuhusu Filister. Akasema nenda, Mama. Nikasema nitaendaje, mtu hakunisamehe akiwa na mdomo, sasa nimwendee hana mdomo wa kunifukuza? Akasema labda ndiyo maana uende ukiwa umejiandaa kufukuzwa.

Sijui huyu mtoto alijifunza wapi kusema hivyo. Si kwangu.

Jumatano, 18 Juni

Homa Bay. Nyumba yao iko chini ya mlima Asego, milango ya kijani, hatua tatu ambazo Cephas ameziwekea bomba la kushikilia.

Filister alikuwa kwenye kiti cha plastiki barazani. Amekonda. Nywele zimekatwa fupi, nyeupe kabisa. Alinitazama nikipanda zile hatua. Hakutabasamu, hakukunja uso. Nilipomfikia akasema neno moja, wazi kabisa:

"Chumbi."

Chumvi, kwa Dholuo. Nikamtazama Cephas.

"Ndio neno yenye imebaki," akasema. "Kila kitu ni chumbi. Mimi ni chumbi. Pasta akija, chumbi. Hiyo zingine tunazitafuta."

Nikacheka. Ilinitoka. Nikashika mdomo kwa mikono miwili, nikaona hii tena, Bosibori, hii tena. Filister akanitazama muda mrefu.

Cephas ametupikia samaki. Anampa mkewe kijiko mkono wa kushoto, anasubiri, hamlishi. Anaongea naye kama kawaida, anamsomea matangazo ya vifo gazetini, anajibishana na kimya chake. Nimeona wivu. Nimeuandika, basi, upo.

Chakula kilipoisha akaniambia kitu kimoja pale jikoni: "Usimuulize ndio ama hapana. Hizo mbili zimechanganyana. Juzi nilimuuliza kama anataka chai, akakataa na kichwa. Nikatoa kikombe. Alikasirika siku mzima."

Alhamisi, 19 Juni

Leo neno nimelileta kwa mdomo. Baada ya uji nikaketi mbele yake: leso. Kireno. Nikamwekea leso yangu mapajani. Akaishika. "Le," akasema. Kwa shida, jasho puani. "Le." Cephas akapiga makofi mara moja, akaondoka kwenda sokoni. Nadhani hakutaka tumwone uso.

Tukabaki sisi wawili.

Nilikuwa nimejiandaa kwa ufasaha. Ufasaha wote ukapotea.

Nikasema: "Filister, siku ya Nicholas nilikukosea. Nilikufanya kichekesho kwa watu. Wewe ulinifundisha kusema kulala mlango umefungwa, na mimi nikakutangaza kwa maikrofoni. Nimekuja kuomba msamaha."

Akanitazama.

"Umenielewa?"

"Chumbi."

Na hapo, na nilikuwa nimeonywa, nikauliza. Nikauliza kama mjinga: "Umenisamehe?"

Akatikisa kichwa. Kulia, kushoto, kulia. Polepole.

Kama ni hapana ni haki yake. Kama ni ndiyo imetoka kwa mlango usio wake. Nikaketi pale na hilo jibu, sijui nilishike upande gani. Yeye mwenyewe anajua. Hilo ndilo linaniuma: jibu liko, yeye analo, na haliwezi kuvuka hatua mbili kati ya viti vyetu.

Nikatoa ufumaji, mikono ipate kazi. Mkono wa sweta, samawati. Nimefuma labda mistari sita, nikihisi ananitazama vidole. Kisha akanyoosha mkono wa kushoto. Nikampa, nikidhani anataka kugusa uzi. Akaulaza mapajani, akapapasa, akarudi nyuma mstari kwa mstari kwa kidole. Akasimama mahali. Kitanzi kilikuwa kimedondoka pale, mistari kumi na moja chini. Sikuwa nimekiona.

Akachomoa sindano kwa meno. Akaanza kufumua.

Sikumzuia. Uzi ulikuja ukijikunja, ukaanguka miguuni pake, na yeye akivuta, akivuta, midomo imekazwa. Alipofika kwenye kosa hakuacha. Akaendelea. Amefumua mkono mzima mpaka kitanzi cha kwanza.

Sijui kama ni ualimu au ni hasira. Labda aliacha kujua asimame wapi.

Cephas aliporudi na samaki alitukuta hivyo, sakafu nzima samawati.

Ijumaa, 20 Juni

Narudi Awendo leo, niwahi kabla Sabato haijaingia. Nimeamka mapema, nimetandika kitanda cha Millicent, binti yao aliyeolewa kule Sori. Cephas alisema jana usingizi ukitukaribia, akiangalia pembeni: "Hiyo kitanda ya Millicent iko tu, Mwalimu. Hakuna mtu analala." Hakusema baki.

Nimefikiria. Awendo nina nini — kikombe cha pili cha kumwaga, sweta nne za kukamilisha ishirini. Lakini upweke si sababu ya kujibandika kwa mtu. Cephas anahitaji msaada, hilo liko wazi, shati lake lina vifungo viwili. Yeye ananitaka. Filister je? Siwezi kukaa katika nyumba ya mtu kwa kibali cha mumewe.

Saa nne kasoro. Cephas amemwita bodaboda, jina lake Bonface, anajulikana hapa. Nimeoga. Nimemuaga Filister barazani, nimemshika mkono ulio hai. Akaurudisha mapajani. Nikasema kesho saa mbili neno litakuja kwa simu. Hakusema hata chumbi.

Nimerudi chumbani kuchukua mkoba na daftari hili. Daftari lilikuwa kitandani. Mkoba haupo.

Nimetafuta chini ya kitanda. Nyuma ya mlango. Jikoni. Cephas anatafuta barazani, anasema haiwezi kuwa mbali, hakuna mtu ameingia. Nauli, simu, miwani, sindano, vyote vimo ndani.

Sasa nimeketi sebuleni naandika ili nitulie, maana nimeuona.

Filister amehama kiti. Sijui alifikaje, kutoka barazani mpaka kwenye sofa ni hatua nane na hajatembea peke yake tangu Machi. Ameketi wima, uso ameuelekeza ukutani, kama mtu asiyetujua sote. Kamba ya mkoba wangu, kumbe niliuacha sofani kabla ya kuoga, imetokeza chini ya paja lake.

Bonface anapiga honi. Cephas amesimama mlangoni, anamtazama mkewe, halafu mimi.

"Nimwambie nini huyu kijana?" anauliza.