Chai Niliyoipika Kwenye Sufuria ya Nyama

Bi Zeena mpendwa, salamu kwanza, halafu naomba unisaidie kabla ya Jumapili, maana nina wasiwasi mwingi.

Ninamtunza nyanya mmoja Myahudi wa miaka tisini, Bi Perla, huku mtaa wa Bathurst, na siku ya kwanza alinionyesha jikoni mwenyewe, sinki mbili, sufuria za nyama zenye alama nyekundu, za maziwa zenye alama ya buluu, akaniambia Torati inakataza kumpika mwana-mbuzi katika maziwa ya mama yake na ndiyo maana kwake vitu hivi havikutani kamwe, nami nikasema nimeelewa, na kweli nilielewa, lakini wiki tatu zilizopita alishikwa na mafua nikataka kumpikia chai ya kwetu, na unajua sisi Wakenya maziwa hatuyamimini kikombeni, tunayachemsha pamoja na majani, basi mkono ukaenda wenyewe kwenye sufuria niliyoizoea, ya supu ya kuku, na nilipoiona ile alama nyekundu maziwa yalikuwa yameshafurika. Nikampa, akanywa. Akasema hajawahi kunywa chai tamu hivyo. Nikaisugua sufuria mara tatu, nikairudisha, na tangu hapo nimempikia humo supu ya Sabato kila Ijumaa.

Jepchirchir, ninayeishi naye, anasema, "Wewe Gakii, nyamaza bana, sabuni ilitoa kila kitu, kwani unataka kufutwa kazi ju ya chai?" Nimefunga, nimeomba msamaha kanisani, nimelia, bado moyo hautulii. Halafu jana Bi Perla akanishika mikono, akaniambia Siku ya Upatanisho inaanza Jumapili jioni, na kama amenikosea mwaka huu, kwa neno au kwa ukali, nimsamehe. Mimi! Nikamwachia mikono, nikakimbilia kufua nguo. Mtu ambaye ndugu zake wote waliuawa na Wanazi na bado akaishika dini yake, mimi ndiye nimemchafulia jiko. Nikisema, binti yake aliyeniajiri atanifukuza. Nisiposema, ataingia kwenye mfungo wake wa siku hiyo bila kujua. Nifanye nini?

Gakii, Crescent Town, Toronto

Gakii mwanangu, pole sana. Sasa kaa chini nikugombeze.

Sufuria nakusamehe, maana mkono wa Mkenya kwenye chai naujua. Kosa lako ni kikombe. Uliiona alama nyekundu, ukampa hivyo hivyo, ukamtazama akinywa. Hilo halitoki kwa sabuni, na huyo Jepchirchir mwambie aendelee na vyombo vyake.

Unadhani haya ni mambo ya usafi tu? Wayahudi wanaamini Mungu ni mmoja, kwamba aliweka agano na Ibrahimu, akawatoa Misri, akawapa kwa mkono wa Musa sheria za kuishi nazo kila siku. Warumi walibomoa hekalu lao karibu miaka elfu mbili iliyopita, wakatawanyika, wakafukuzwa nchi hadi nchi, na ibada wakaibeba hadi nyumbani. Marabi wao husema meza ya chakula ni kama madhabahu. Bi Perla alikukabidhi hiyo.

Mimi ni Mwislamu, lakini miaka ishirini na minane nimeishi na majirani wa Kiyahudi, na wamenifunza jambo moja. Siku ya Upatanisho Mungu husamehe uliyomkosea Yeye. Uliyomkosea jirani hayasamehewi mpaka kwanza uende kwa jirani mwenyewe. Kwa hiyo machozi yako ya kanisani, mwanangu, umeyapeleka anwani isiyo yake.

Kesho asubuhi usipike kitu. Weka ile sufuria mezani mbele ya Bi Perla, umweleze yote, na kikombe usikiruke. Usinunue sufuria mpya kimyakimya, wala usiamue wewe ni nini kimeharibika. Atamuuliza rabi wake. Aliyekula bila kujua hawamhesabu sawa na aliyekusudia, kwa hiyo acha kuogopa kwamba umemwangamiza. Kazi? Huenda ukafukuzwa, sikudanganyi. Ila ukinyamaza, kila Ijumaa utakuwa unamdanganya mzee wa miaka tisini kwa bakuli la supu.

Na ukishamwambia, usikimbilie nguo tena. Alikushika mikono akakuomba msamaha, na hadi leo anasubiri jibu lako.

Bi Zeena