Najichoma Kidole kwa Niaba ya Mume Wangu

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie na tafadhali usinicheke, maana hata mimi nikijisikiliza naona aibu, lakini nimefika mahali ambapo nikimwona mume wangu amekaa tu nataka kumrushia mwiko. Mume wangu ni fundi cherehani, kila mtu anamwita Fundi hata mama yake mzazi, na mwaka jana aliambiwa ana kisukari, akapewa vidonge na kimashine cha kupimia na daftari la kuandika namba kila asubuhi kabla ya kula, na tangu siku hiyo ugonjwa ni wake ila kazi ni yangu. Mimi ndiye ninayekumbuka vidonge, mimi ndiye ninayekwenda kuvichukua, mimi ndiye ninayepunguza mafuta na kununiwa mezani, na siku ya kliniki tukifika mlangoni yeye anabaki kwenye benchi la nje na wanaume wenzake wakizungumza mpira, ndani naingia mimi na daftari, na wala hakuna anayeshangaa, maana benchi limejaa waume na chumba kimejaa wake zao. Nikimwambia twende wote anasema, "Wewe nenda, wewe ndiye unayezijua hizo namba."

Sasa kuchomwa kidole hataki kabisa, anasema vidole vyake ndivyo kazi yake na tone la damu likidondokea kitambaa cha mteja jina lake limekwisha. Nilimbembeleza, nikamnunia, nikamsemea kwa mama yake, na mama mkwe akanijibu kwamba mwanawe hakuwa na sukari mpaka alipoanza kula kwangu. Kliniki nako nesi akikuta daftari lina nafasi tupu hamwiti yeye, ananigeukia mimi mbele ya watu, "Mama, huyu mzee wako unamtunzaje?" Mshauri, mimi ni karani wa shule, rejista nimezijaza mwaka wa ishirini huu, nafasi tupu kwenye daftari inaniwasha kama upele, basi asubuhi moja nikachoka, nikachukua kile kimashine nikajichoma kidole changu mwenyewe na namba iliyotoka nikaiandika kwenye daftari lake. Nilijiambia tunakula sufuria moja, tunakunywa chai ya birika moja, tumeishi pamoja miaka ishirini na sita, damu zetu zitapishana wapi. Na hiyo asubuhi moja imekuwa miezi minne.

Shida ni kwamba namba zinapanda. Kumi na tatu, kumi na nne, wiki iliyopita kumi na sita, na kila kliniki daktari anatikisa kichwa na kumwongezea dozi, nami nimekaa na mkoba wangu magotini, na Jumatatu Fundi akiwa kazini akaanza kutoka jasho na kutetemeka, akashona mikono yote miwili upande mmoja wa shati la mwalimu wetu, kisha akalegea kwenye kiti akawa anazungumza mambo yasiyoeleweka, bahati mwalimu mwenyewe alikuwa amekuja kulichukua akampa soda aliyokuwa nayo, akainywa, akarudi kuwa mtu. Sasa Alhamisi daktari anataka kumwanzishia sindano za insulini kwa sababu anaona vidonge vimeshindwa. Naogopa tutamuua na naogopa kusema, kwa sababu nesi atanitangaza kliniki nzima na mama mkwe atapata la kusema mpaka siku nitakayozikwa. Nimefikiria niandike namba ndogo ndogo mpaka Alhamisi ili wasimpe hiyo sindano. Mwenyewe nimechoka, nasinzia juu ya rejista, mistari inacheza ingawa nimebadilisha miwani, kiu nayo imenishika, chupa ya maji haifiki saa nne, na mwalimu mkuu ananitania kwamba ofisi yangu siku hizi ni msalani, lakini hayo ni umri na mawazo, tuyaache. Nishauri juu ya mume wangu.

Karani Aliyechoka

MSHAURI ANAJIBU

Karani, barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza nimekaa, ya pili nimesimama. Majibu haya nilikutumia kwa simu siku ile ile barua ilipofika. Hapa nayachapisha kwa ajili ya wenzako wanaoingia kliniki na madaftari ya watu.

La kwanza, Alhamisi ni mbali. Nenda kliniki leo, umshike Fundi mkono ikibidi, useme sentensi moja: "Daktari, namba hizi si za mume wangu." Mweleze pia yaliyotokea Jumatatu. Dozi aliyopewa ilipangwa kwa damu isiyo yake, huenda ndiyo iliyomshusha sukari kupita kiasi Jumatatu, na kuipunguza au kuiacha si kazi yako wala yangu, ni ya daktari. Akianza tena jasho na kutetemeka, mpe soda yenye sukari upesi, kisha hospitali. Hizo namba ndogo ndogo unazotaka kubuni usithubutu. Umeshamdanganya daktari mara mia na ishirini, na safari hii utakuwa huna hata damu ya kusingizia.

Nesi akikusema, mwache aseme. Kisha muulize kwa adabu kwa nini mgonjwa aliye benchi la nje hajawahi kuitwa ndani. Mama mkwe naye mwambie mwanawe ana mikono miwili na sufuria anajua zilipo. Unanikasirisha, dada yangu, lakini nakuonea huruma zaidi, kwa sababu walikubebesha mzigo wa mtu mzima, halafu wakakugombeza kwamba umeubeba vibaya.

Fundi, najua utasomewa haya. Mtu anayechomwa sindano na cherehani yake tangu ujanani, akanyonya kidole na kuendelea na pindo, leo anakimbia kijisindano kidogo kama punje. Ugonjwa hauna mkalimani, baba. Kuanzia leo kidole ni chako, kalamu ni yako, na mlangoni kwa daktari unaingia wewe. Hofu yako naielewa, wanaume wengi kwenye benchi lile wanayo, lakini hofu hiyo Jumatatu ilikufanya umshonee mwalimu shati la mtu mwenye bega moja.

Sasa Karani, kaa chini. Umeniandikia barua ndefu juu ya mgonjwa, na mgonjwa mwenyewe umemtaja mwishoni kwa mistari michache ukasema tuyaache. Kumi na sita, asubuhi, kabla ya kula. Kidole kilikuwa cha nani? Kiu ni ya nani, miwani ni ya nani, msalani anakwenda nani? Watoto wa tumbo moja hawalingani, sembuse mtu na mumewe. Mimi si daktari, lakini kimashine kimekueleza habari zako kila siku kwa miezi minne, nawe ukaenda kuziandika kwenye faili la mtu mwingine, kwa sababu hakuna aliyewahi kukuuliza u hali gani, na wewe mwenyewe hukujiuliza.

Kwa hiyo leo mnakwenda wagonjwa wawili, na kila mmoja apimwe upya. Fundi apewe daftari jipya, aanze ukurasa wa kwanza, na akiacha nafasi tupu, iache tupu. Lile la zamani usilitupe. Pengine hakuna lililojazwa vizuri kama hilo katika kliniki yenu, na kosa lake ni moja tu, lipo kwenye jalada. Chukua kalamu yako ya ofisini, kata jina la Fundi, andika lako, kisha uingie ukakae kwenye kiti cha mgonjwa.