Cheti cha Ishak

Bondeni, Nakuru
17 Machi 1957

Kwa dada yangu mpenzi Kuluthum, Kisumu.

Assalaam alaykum. Ama baada ya salamu, natumaini barua hii itakukuta u mzima, wewe na shemeji na watoto. Nimesoma kwamba mwanao Abdisalam amenenepa mashavu, asubuhi hata macho hayaonekani vizuri, na majirani wanasema amemfuata mjomba wake Ishak. Ukitaka kujua hali yetu huku, tungali hai. Zaidi ya hapo siwezi kukudanganya. Tangu tumzike kaka Ishak mwezi uliopita, nyumba hii haijakaa sawa.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Unasema Khamisa alimlisha mumewe kitu, kwamba mtu aliyepewa cheti cha daktari kuwa ni mzima hawezi kuharibika figo kwa mwaka mmoja bila mkono wa mtu. Unasema eda ikiisha utakuja kumchukua wajina wako, binti yao, mtoto asilelewe na muuaji. Dada, naomba unisikilize kwanza, na leo usinikatize kama kawaida yako.

Ugonjwa wa Ishak haukuanza jana. Miaka miwili nyuma alianza kuamka kope zimevimba, na ikifika jioni uvimbe umeshuka miguuni. Viatu vyake vya reli akawa anavivaa bila kamba. Mimi ndiye fundi wake wa nguo. Nilimpanulia suruali kiunoni mara mbili, na mara zote mbili nikamtania kwamba Khamisa anampikia kama bwana harusi. Bondeni nzima ilimsifu Khamisa kwa kunenepesha mume. Sisi watu tukiona mashavu tunashangilia tu.

Aliponiambia kwamba mkojo wake unatoka na povu kama la sabuni, nilimpeleka zahanati. Dresa pale ni Mzee Omolo, mtu wa maneno machache. Aliutia mkojo kwenye kichupa cha kioo, akauchemsha juu ya taa ya spiriti, ukaganda mweupe kama ute wa yai. Akasema figo zimechoka na hazitarudi kuwa mpya, ila mtu anaweza kuishi nazo miaka akizitunza: ale chakula bila chumvi, apumzike, na kila mwezi arudi apimwe. Akamwonya pia kwamba siku mkojo ukipungua, au akianza kutapika, au pumzi ikimbana akilala, asingoje hata kesho, akimbilie hospitali kubwa. Ishak aliniapisha nisimwambie mtu, hata Khamisa, maana aliogopa habari ikifika kazini ataachishwa. Miezi kadhaa alishika masharti. Kwa Khamisa alisingizia kwamba chumvi inamchoma ulimi.

Mwaka jana ikatoka nafasi ya kuendesha kile kichwa kidogo cha treni kinachopanga mabehewa hapa stesheni. Kaka alikuwa fayamani miaka tisa, anamwashia moto dereva mwingine, na hamu yake unaijua. Waombaji walipimwa mwili mzima. Ishak akapita, akarudi na cheti chenye muhuri, akakitia kwenye fremu na kukitundika ukutani. Tangu siku hiyo hakuwa mtu yule. Alisema Mzee Omolo ni dresa tu, daktari mwenyewe ameandika kwamba mkojo ni safi. Chumvi ikarudi mezani, zahanati akaiacha.

Khamisa alipoona miguu imejaa alimsihi aende hospitali. Alimsihi Disemba yote. Kila mara Ishak alimwonyesha kidole ukutani. Khamisa hajui kusoma lakini muhuri anaujua, akanyamaza. Mwisho wa Januari kaka akaanza kutapika kila asubuhi, kwikwi haikatiki, mkojo hakuna. Hapo Khamisa hakuomba ruhusa ya mtu. Alikodi teksi mwenyewe akampeleka. Daktari alisema tumechelewa mno, kisha akashangaa inakuwaje mkojo wa mwaka jana ulikuwa safi. Nilikuwa nimesimama palepale, nikaangalia sakafu. Siku ya sita Ishak akafa.

Sasa dada, hapa kalamu inanilemea. Waombaji waliambiwa waende na mkojo wa asubuhi ndani ya chupa. Asubuhi hiyo Ishak alikuja kibarazani kwangu, kwenye cherehani, na chupa ya dawa ya kikohozi iliyooshwa vizuri. Aliniomba nimjazie. Alisema ni mara moja tu, akishapata udereva atajitunza. Nilicheka. Nilienda uani nikaijaza, nikaifunga kizibo, nikamwambia aibebe polepole asije akamwaga ukoo mzima.

Ule mkojo safi ni wangu. Ishak alilijua hilo kuliko mtu yeyote, lakini kadiri alivyokitazama kile cheti ndivyo alivyoamini kwamba ni chake. Nami nilimwona akiamini, nikanyamaza, kwa sababu alikuwa na furaha. Naona aibu, dada. Naona aibu hata kumshonea mtu suruali.

Khamisa alishindana na cheti nilichokitengeneza mimi. Kama unatafuta mkono wa mtu, ni huu unaokuandikia. Kesho baada ya Adhuhuri nitakaa nje ya pazia lake nimwambie yote. Akinilaani ana haki, nawe pia unayo. Lakini mtoto usimnyang'anye.

Limebaki moja, na hili usilicheleweshe kwa kunikasirikia. Mashavu ya Abdisalam yananitisha. Huenda si unene. Ukiisha kusoma hapa mfunge viatu umpeleke hospitali leo hii, uwaombe wampime mkojo. Na chupa watakayompa, hakikisha anaijaza mwenyewe.

Msalimie shemeji, na yeyote atakayeniulizia baada ya haya.

Ni mimi mdogo wako,
Hemed